Chuo Kikuu cha Taifa kitupe hesabu zake hadi vijijini

Ndugu Mhariri,

Nataka kutoa maoni yangu juu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho wengi wetu tunakiita SUZA. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Sikusoma chuo kikuu. Nilisoma chuo cha ualimu, nikapata cheti changu, na tangu hapo nasomesha hisabati na sayansi.

Huenda wapo watakaouliza, mwalimu wa msingi ana lipi la kusema juu ya chuo kikuu? Jibu langu ni fupi. Chuo hiki ni mali ya umma, nami ni mmoja katika umma huo. Tena watoto ninaowafundisha kujumlisha na kutoa ndio watakaoingia huko kesho, na wanaotoka huko leo ndio wanaotarajiwa kuja kutusaidia huku.

Kila mwaka unapofika wakati wa mahafali, tunasikia redioni na kusoma magazetini kwamba wahitimu wameongezeka, majengo yanapanda, mikataba na vyuo vya nje imetiwa saini na masomo mapya yameanzishwa. Sizipingi habari hizo, nazifurahia. Lakini najiuliza, je, hizo ndizo hesabu za chuo, au ni habari za sherehe? Mwanafunzi wangu akiniletea jibu bila ya kuonesha njia, simpi alama zote hata kama jibu ni sahihi. Nasi wananchi tunastahiki kuoneshwa njia.

Ndugu Mhariri, kwanza tukumbuke chuo hiki kimetoka wapi. Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bure katika visiwa vyetu. Milango ya skuli ilifunguka kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi, lakini kwa miaka mingi baadaye kijana wa hapa aliyetaka shahada alilazimika kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam au nchi za nje. Sheria ya kuanzisha chuo kikuu chetu cha Serikali, ambayo ni Sheria namba 8, ilipitishwa mwaka 1999, na masomo yakaanza mwaka 2001. Hakikuanza kwa majumba makubwa. Kilianza kwa kuzikusanya nguvu zilizokuwepo, ikiwemo Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni pale Vuga na chuo cha ualimu cha Nkrumah pale Beit el Ras. Baadaye ikajengwa kampasi kuu ya Tunguu. Kisha, kiasi cha miaka kumi iliyopita, vyuo vya Serikali vilivyokuwa vimetawanyika, cha fedha kilichopo Chwaka, cha utalii kilichopo Maruhubi, cha afya kilichopo Mbweni na cha uandishi wa habari, vikaunganishwa navyo viwe chini ya chuo kikuu.

Natamka majina hayo kwa sababu moja. Chuo hiki kimezaliwa na chuo cha ualimu. Wazee wake ni walimu. Kwa hiyo mwalimu wa kijijini akikiuliza chuo kikuu habari za nyumbani, hajajipeleka kwenye karamu asiyoalikwa.

Sasa niingie katika mambo yangu matatu: utendaji, fedha na mipango ya mbele.

Kwanza, utendaji. Hesabu tunayopewa zaidi ni ya idadi ya wanafunzi. Idadi ni jambo zuri, lakini peke yake inaweza kumpoteza mtu. Niruhusu nichukue mfano wa ubaoni, ambao si wa SUZA wala wa chuo chochote. Chuo kina wanafunzi 1,000 na wakufunzi 50. Kila mkufunzi anabeba wanafunzi 20. Mwaka unaofuata wanafunzi wanakuwa 1,500, na wakufunzi ni wale wale 50. Kila mmoja sasa anabeba 30. Katika ripoti itaandikwa kwamba wanafunzi wameongezeka kwa asilimia 50, na itakuwa kweli. Lakini kila mwanafunzi amepoteza theluthi moja ya wakati wa mkufunzi wake, na hilo halitaandikwa popote. Sisi tunaosomesha darasa lililojaa hadi mlangoni tunaijua hesabu hiyo bila ya kuambiwa.

Mfano wa pili. Wanaingia vijana 100, na muda wa masomo ukimalizika wanatoka 70. Siku ya mahafali wanapigiwa makofi wale 70, kama inavyostahiki. Wale 30 wako wapi? Walifeli, walikosa ada, waliolewa, waliugua, au wamekwenda kutafuta kazi hotelini? Chuo kinachojua sababu kinaweza kuziba tundu. Chuo kisichouliza kitaendelea kujaza ndoo inayovuja.

Kwa hiyo naomba hesabu ya utendaji ya kila mwaka ijibu maswali haya kwa lugha nyepesi: waliingia wangapi na wametoka wangapi katika wale wale walioingia, kila mkufunzi ana wanafunzi wangapi, wanafunzi wangapi wametoka Pemba na wangapi Unguja, wangapi wametoka mashamba na wangapi mjini, na wale waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi hivi sasa. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kazi ya chuo kikuu haimaliziki siku ya joho.

Pili, fedha. Wengi wetu tunadhani chuo cha Serikali kinaendeshwa na Serikali peke yake. Sivyo. Chuo cha umma kina mifuko minne. Upo mfuko wa ruzuku ya Serikali, ambao mara nyingi huishia katika mishahara. Upo mfuko wa ada, na sehemu kubwa ya ada hizo kwa kweli ni mikopo ya wanafunzi kupitia bodi za mikopo, ikiwemo ile ya Zanzibar iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Upo mfuko wa wafadhili, unaokuja kwa mradi na kuondoka kwa mradi. Na upo mfuko wa chuo chenyewe, yaani utafiti wa kulipiwa, ushauri, kozi fupi, na wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili.

Kila mfuko una ugonjwa wake. Ruzuku inaweza kuidhinishwa kamili katika bajeti lakini ikaingia pungufu. Hapa lazima tuwe waadilifu. Mpishi aliyeahidiwa magunia mawili ya mchele akapewa moja, hatuwezi kumlaumu kwa kupika chungu kidogo. Lakini aliyepewa mawili akapika la moja, huyo tutamuuliza. Wananchi hatuwezi kujua tumuulize nani ikiwa tunaoneshwa fedha zilizopangwa tu na hatuoneshwi fedha zilizoingia. Hesabu hizo mbili ziandikwe bega kwa bega.

Ada nayo ina maradhi ya kuchelewa. Mkopo wa mwanafunzi ukichelewa, katika daftari chuo kinaonekana kina fedha, lakini katika sanduku hakina. Mwenye duka la kijijini anayekopesha anaelewa vizuri: daftari limejaa, rafu tupu. Na huyo mwanafunzi naye anakaa mjini hana kodi ya chumba wala chakula, na mzazi wake huku anauza mbuzi.

Fedha za wafadhili tusizikatae, bali tuzipokee kwa macho mawili. Jengo la mfadhili lina bili ya umeme ya mwenyeji. Maabara ya msaada inahitaji dawa na vifaa kila mwaka, na mtu wa kuitunza. Kwa hiyo pamoja na kutangaza kwamba tumepata jengo la kiasi fulani, chuo kituambie pia kulitunza jengo hilo ni kiasi gani kwa mwaka na zitatoka mfuko upi. Baniani hajengi ghala kabla ya kujua mlinzi atalipwa na nani.

Wapo watakaonijibu kwamba hayo yote tayari yana wenyewe. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anakagua, na Wawakilishi wetu wanahoji katika Baraza. Ni kweli, na tunawashukuru. Lakini mkaguzi kazi yake kubwa ni kuona kama fedha zimetumika kwa mujibu wa taratibu. Risiti zote zinaweza kuwa safi, na bado skuli yangu isiwe na mwalimu wa hisabati wa kutosha. Hilo si kosa la mkaguzi, kwa vile si swali lake. Ni swali letu sisi.

Wapo pia watakaosema kwamba chuo kikuu si kiwanda cha walimu, kina kazi ya utafiti. Nakubali, na tena nitatoa ushahidi wa kuwaunga mkono. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Baadaye maji ya bahari yakawa ya moto na ile aina yenye bei nzuri ikawa inakufa katika maji madogo. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini ipo hapa Unguja tangu mwaka 1978, walishirikiana na akinamama kujaribu kupanda katika maji ya kina zaidi, na wakafundishana kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine za mwani badala ya kuuza gunia tupu. Huo ndio utafiti. Umetoka maabara, umevuka mchanga, umefika mkononi mwa mama. Haukumaliza matatizo yote, kwani bei bado inawaumiza. Lakini mama yule ukimuuliza msomi amekufanyia nini, ana la kukujibu. Nataka kila mkulima wa karafuu na kila mvuvi wa Pemba siku moja awe na jibu kama hilo kuhusu chuo kikuu chetu chenyewe.

Tatu, mipango ya mbele. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na naomba uniwie radhi nikirefusha.

Mwaka 2023 taasisi mashuhuri ya teknolojia ya India, IIT Madras, ilifungua kampasi yake hapa Unguja, eneo la Bweleo. Ni fahari kwa nchi. Masomo iliyoanza nayo ni ya kompyuta na takwimu, na mlango wake ni hisabati. Chuo chetu cha Taifa nacho kina mafunzo ya udaktari yaliyoanza mwaka 2007 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Matanzas cha Kuba, na Serikali inazungumzia uchumi wa buluu, yaani bahari, bandari, uvuvi na utalii. Yote hayo yanahitaji vijana wanaojua hisabati na sayansi. Nauliza: watatoka wapi?

Hawatashuka kutoka juu. Watatoka darasa la kwanza, la pili na la tatu katika skuli kama yangu. Mtoto asiyeelewa mafungu darasa la nne hataelewa asilimia darasa la sita, na asiyeelewa asilimia hatafika Bweleo wala Mbweni. Mnazi hauanzi kukua kwenye makuti. Na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Walimu wengi wa msingi tulibebeshwa mzigo ule bila ya mabega kutayarishwa. Mtoto akawa anapigana na maadui wawili kwa wakati mmoja, hesabu na lugha.

Ni nani wa kututayarisha ikiwa si chuo kikuu cha umma kilichozaliwa na chuo cha ualimu? Lakini njia ya mwalimu wa msingi kwenda chuo kikuu ni nyembamba. Mimi mwenyewe niliwahi kuomba kujiendeleza katika chuo kimoja, nikakubaliwa. Ada ningeidunduliza. Kilichonishinda ni kodi ya chumba mjini, nauli ya boti, na kuiacha familia yangu miaka mitatu huku mshahara ukiwa ule ule. Na lipo jambo jingine ambalo hatulisemi. Mwalimu wa msingi akifanikiwa kupata shahada, mara nyingi harudi darasa la tatu. Anapandishwa sekondari, tena karibu na mji. Simlaumu, ni haki yake na maslahi ndiyo yanayomvuta. Lakini katika ripoti yatahesabiwa mafanikio mawili: chuo kimetoa mhitimu, na sekondari imepata mwalimu. Hasara ya skuli ya msingi iliyobaki na kiti kitupu haihesabiwi.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo.

Moja, chuo kifungue mlango mpana kwa walimu wa msingi walioko kazini, wasome wakati wa likizo za skuli na kwa njia ya masafa, ili mwalimu asome bila ya kuliacha darasa lake. Simu tunazo na mtandao upo, ingawa unasuasua.

Mbili, masomo hayo yawe katika tawi la Pemba, pale Mchanga Mdogo. Masomo mengi makubwa, afya Mbweni, utalii Maruhubi, fedha Chwaka, kilimo Kizimbani, yapo Unguja. Sisemi kwa chuki, maana visiwa hivi ni ndugu wa tumbo moja. Lakini mama mwenye watoto wawili hampakulii mmoja sinia na mwingine kisahani. Mpango wa maendeleo wa chuo uoneshe wazi, mwaka kwa mwaka, ni somo gani litaanzishwa Pemba na kwa fedha zipi.

Tatu, Wizara ya Elimu na chuo wakae pamoja wahakikishe mwalimu anayepata shahada akabaki skuli ya msingi halipwi chini ya mwenzake aliyekwenda sekondari. Bila ya hilo, kila tunayemsomesha tutampoteza. Naye mwalimu aliyesomeshwa kwa fedha za umma aweke ahadi ya kutumikia kijiji kwa miaka inayojulikana.

Nne, wanafunzi wa ualimu wa chuo kikuu waletwe mazoezini vijijini, hasa katika madarasa ya chini, si katika skuli za mjini pekee. Wakae nasi wiki kadhaa. Sisi tutajifunza kwao, nao watajifunza kwetu namna ya kusomesha watoto 80 kwa vitabu 10.

Tano, na hili ndilo rahisi kuliko yote: kila mwaka chuo kitoe karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye majibu ya maswali niliyoyataja. Fedha zilizopangwa, zilizoingia na zilizotumika. Walioingia, waliotoka na waliko. Kilichoahidiwa mwaka jana, kilichofanyika, na kisichofanyika kwa sababu gani. Ibandikwe katika ubao wa kila shehia, na isomwe redioni. Nchi yetu si kubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Ikiwa makarani wa sensa waliweza kufika katika kila mlango, karatasi moja haishindwi kufika kwa kila sheha.

Nasisitiza Kiswahili. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu tangu enzi za ukoloni, na chuo chetu kinapokea wageni kutoka mbali waje kujifunza lugha hii. Itakuwa ajabu mgeni afundishwe kusoma Kiswahili pale Vuga, halafu mwenyeji akose kusoma kwa Kiswahili hesabu za chuo kinachomfundisha mgeni huyo.

Ndugu Mhariri, wengine wataona nimekuwa mkali. Sivyo. Mtu hamdai hesabu mtu wa mbali, bali humdai wa kwake. Nawajua vijana wawili wa shehia yetu waliopita katika chuo hicho. Mmoja ni muuguzi, na wagonjwa wanamsifu. Chuo kinafanya kazi, na viongozi wake wanajitahidi katika hali ngumu. Mkuu wa Chuo ni Rais wetu mwenyewe, jambo linaloonesha uzito ambao nchi imekipa. Ninachoomba ni kwamba mafanikio yapimwe kutoka chini kwenda juu: si kwa kuhesabu majoho ya Tunguu tu, bali kwa kuhesabu pia madaftari ya darasa la tatu, Micheweni na Makunduchi, Kojani na Tumbatu. Siku madaftari hayo yatakapokuwa na alama za vyema nyingi, chuo kikuu hakitahitaji mpiga tarumbeta wa kukitangaza.

Nawaomba walimu wenzangu, wazazi, na hasa wakuu wa chuo wenyewe, watoe maoni yao katika ukurasa huu. Kama nimekosea mahali, nisahihishwe kwa hoja. Nasubiri jibu.



Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Wilaya ya Micheweni,
Pemba.